Maji au nyama? Maisha ya Ian Donald na kipimo cha uvimbe wa titi unaouma

Kwa ufupi

- Uvimbe wa maji ni miongoni mwa sababu za kawaida za uvimbe unaouma kwenye titi, hasa kwa wanawake wa miaka 35 hadi 50. Uvimbe wa maji wa kawaida si saratani.
- Mkono peke yake hauwezi kusema kwa uhakika kama uvimbe ni maji au nyama. Altrasaundi inaweza.
- Kipimo cha ugumu, kinachoitwa elastografia, huongeza jibu la pili: sehemu hiyo ni laini au ni ngumu.
- Maumivu si ushahidi kwamba uko salama, na uvimbe si ushahidi kwamba una saratani. Kila uvimbe mpya wa titi unahitaji kupimwa.

Mwanamke anaoga, mkono unapita kwenye titi, unakutana na kitu cha mviringo kama gololi. Akikibonyeza kinauma. Siku chache kabla ya hedhi kinauma zaidi. Kuanzia hapo usingizi hupungua.

Mara nyingi hufuata moja ya njia mbili. Wapo wanaonyamaza kwa hofu kwamba wakienda hospitali wataambiwa ni saratani na titi litakatwa. Wapo wanaoambiwa na jirani kwamba kinachouma hakiwezi kuwa saratani, basi wanasubiri: kahawa ivunwe kwanza, ada ya shule ilipwe kwanza, mvua zikatike kwanza. Njia zote mbili ni za kubahatisha, na hakuna sababu ya kubahatisha. Kuna kipimo kinachojibu swali la kwanza kwa dakika chache bila kuumiza. Makala haya yanaeleza kipimo hicho kwa kufuata maisha ya daktari aliyefanya kazi kubwa ya kukifikisha kwa wagonjwa wanawake, Profesa Ian Donald.

Mtoto wa daktari aliyekulia Afrika

Ian Donald alizaliwa tarehe 27 Desemba 1910 katika mji mdogo wa Liskeard, kusini-magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa daktari kutoka Uskoti na mama yake alikuwa mpiga piano. Ian akiwa bado kijana, familia ilihamia Afrika Kusini, na yeye akasoma shule na chuo kikuu mjini Cape Town.

Mwaka 1927 msiba uliingia nyumbani kwao mara mbili. Mama alifariki, na miezi michache baadaye baba naye akafariki. Ian na ndugu zake walibaki chini ya uangalizi wa mwanamke aliyekuwa akitunza nyumba yao. Masomo yake ya kwanza ya chuo hayakuwa ya udaktari, yalikuwa ya lugha na muziki. Baada ya hapo alirudi Uingereza, akajiunga na chuo cha udaktari cha Hospitali ya St Thomas mjini London, akahitimu mwaka 1937. Mwaka huohuo alimwoa Alix Richards, aliyetoka Afrika Kusini. Walijaliwa mabinti wanne. Donald akachagua kuwa daktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi.

Vita na mwangwi

Ili kuielewa kazi yake tuanze na jambo linalojulikana kila nyumba. Mtu akitaka kujua maji yamefika wapi ndani ya pipa, huligonga kwa kidole kuanzia juu kwenda chini. Pasipo na maji hulia sauti moja, penye maji hulia sauti nyingine. Hakulifungua pipa, lakini amejua kilichomo.

Altrasaundi hufuata wazo la jamii hiyo. Ni sauti nyembamba sana ambayo sikio la binadamu haliisikii. Mashine huituma mwilini, sauti hupita, na kila inapofika kwenye mpaka wa kitu kimoja na kingine, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima mwangwi umechukua muda gani kurudi na una nguvu kiasi gani, kisha huchora picha.

Wazo hili lilianzia majini. Wakazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa wanaifahamu Vita ya Kwanza ya Dunia kwa karibu. Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilipokuwa imepandishwa nchi kavu huko Liuli, mji ambao wakati huo Wajerumani waliuita Sphinxhafen. Vita hiyo ilipoendelea, mwanafizikia Paul Langevin wa Ufaransa alikuwa akitafuta namna ya kugundua manowari zilizojificha chini ya bahari. Alituma sauti isiyosikika ndani ya maji na kusubiri mwangwi wake. Vifaa vinavyoonyesha kina cha maji au kundi la samaki chini ya chombo vinatumia njia hiyohiyo.

Katika Vita ya Pili ya Dunia, kuanzia mwaka 1942, Donald alikuwa daktari katika jeshi la anga la Uingereza. Alipewa nishani kwa ujasiri wa kuwaokoa wanajeshi kutoka ndani ya ndege iliyokuwa inaungua. Jeshini pia alizoea mitambo ya rada na ya mwangwi, na hakuisahau aliporudi wodini.

Glasgow, 1955: uvimbe kwenye buti la gari

Vita ilipokwisha, Donald alifanya kazi London. Hapo alishughulika zaidi na watoto wachanga wanaoshindwa kupumua, akashiriki kubuni mashine za kuwasaidia. Wakati huo alisikiliza mhadhara wa John Wild, daktari Mwingereza aliyehamia Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Wild na mhandisi John Reid walikuwa wakipima uvimbe wa matiti kwa mwangwi wa sauti. Kwa hiyo titi lilikuwa miongoni mwa viungo vya kwanza kabisa kuchunguzwa kwa njia hii.

Mwaka 1954 Donald aliteuliwa kuwa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Glasgow si jina geni kwenye Ziwa Nyasa. Meli ya misheni iliyoitwa Chauncy Maples, iliyozunguka ziwa hili ikiwa shule na zahanati, ilitengenezwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa huku na kuanza kazi mwaka 1901. Ulikuwa mji wa meli, mitambo ya mvuke na chuma kizito. Viwanda vyake vilikuwa na mashine za kutafuta nyufa zilizojificha ndani ya chuma, nazo zilitumia mwangwi wa sauti.

Donald akajiuliza kama mashine inayoona ufa ndani ya chuma inaweza kuona ndani ya uvimbe. Mgonjwa wake mmoja alikuwa mke wa mkurugenzi wa kampuni ya Babcock & Wilcox, iliyokuwa na kiwanda huko Renfrew karibu na Glasgow, na njia ikafunguka. Tarehe 21 Julai 1955 alifika kiwandani na magari yaliyobeba uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa kwa upasuaji: fibroidi, ambazo ni nyama ngumu za kizazi, na uvimbe mkubwa wa maji wa ovari. Wenyeji wake nao walikuwa wameandaa pande la nyama ya ng'ombe kwa ajili ya kulinganisha.

Matokeo yalionekana wazi kwenye skrini. Ndani ya uvimbe wa maji sauti ilipita bila kizuizi, ukimya mtupu, kisha ukaja mwangwi kutoka ukuta wa mbali. Ndani ya fibroidi mwangwi ulirudi njia nzima huku ukififia taratibu. Maji yalikuwa na alama yake, na nyama ilikuwa na alama yake.

Mgonjwa aliyekatiwa tamaa

Kutoka kiwandani hadi wodini haikuwa safari fupi. Mashine ya kwanza ambayo Donald aliazima ilikuwa dhaifu, na haikuonyesha picha ila mistari inayoruka kwenye skrini. Kijana mmoja mhandisi, Tom Brown wa kampuni ya Kelvin & Hughes, alisikia kwamba kuna profesa anayejaribu mashine za viwandani kwa wagonjwa, akampigia simu. Brown aliunda mashine iliyochora picha kamili ya kilichomo tumboni. Daktari John MacVicar akawa mtu wa tatu wa kikundi hicho. Madaktari wengine walicheka, na wapo waliomwita Donald kichaa.

Kicheko kilipungua baada ya mgonjwa mmoja. Alikuwa mwanamke aliyevimba tumbo na kudhoofika, na madaktari wake walikuwa wameamua kwamba ana saratani ya tumbo isiyoweza kufanyiwa upasuaji. Donald aliombwa amtazame kwa mashine yake. Picha haikuonyesha walichotarajia. Ilionyesha uvimbe mkubwa wenye maji. Alifanyiwa upasuaji, uvimbe wa ovari ukatolewa, haukuwa saratani, naye akapona.

Tarehe 7 Juni 1958, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha ripoti ya Donald, MacVicar na Brown kuhusu uchunguzi wa uvimbe wa tumbo kwa altrasaundi. Miaka hiyohiyo daktari Alice Stewart wa Uingereza alikuwa ameonyesha kwamba eksirei kwa mama mjamzito inahusiana na saratani kwa mtoto. Altrasaundi haitumii mionzi ya eksirei, na hiyo ilikuwa sababu nyingine ya madaktari kuipokea. Ni Donald pia aliyegundua, mapema miaka ya 1960, kwamba kibofu kikijaa mkojo mimba changa huonekana vizuri. Hadi leo wanawake huagizwa kunywa maji mengi kabla ya altrasaundi ya nyonga. Kwa altrasaundi ya titi huhitaji kunywa maji wala kukaa na njaa.

Swali lake likihamia kwenye titi

Donald hakuwa daktari wa matiti, lakini swali lake ndilo la kwanza ambalo mtaalamu hujiuliza anapoweka kifaa juu ya titi lenye uvimbe: ni maji au ni nyama?

Uvimbe wa maji wa titi, ambao madaktari huuita sisti, hutokea pale maji yanapokusanyika ndani ya vijifuko vya tezi za maziwa. Homoni za kila mwezi huchangia, ndiyo maana huweza kukua na kuuma kabla ya hedhi kisha kutulia. Kwa kawaida wanawake wengi huacha kuupata baada ya hedhi kukoma, isipokuwa wanaotumia dawa za homoni.

Kuna jambo linalowashangaza wengi. Uvimbe wa maji uliojaa sana huwa mgumu kama jiwe ukiuguswa. Ni kama mfuko wa nailoni: ukiwa na maji kidogo hubonyea, ukijazwa hadi kufungwa kwa nguvu hukaza. Kukaza huko ndiko kunakoleta maumivu, na ndiko kunakoudanganya mkono. Mkono husema ni jiwe, kumbe ndani ni maji.

Kwenye altrasaundi, uvimbe wa maji wa kawaida huonekana mweusi ndani, wenye ukingo mwembamba na laini, na nyuma yake huwa na weupe kwa sababu sauti imepita majini bila kupungua. Ni ule ukimya wa Renfrew wa mwaka 1955. Mtaalamu akiona alama hizi zote, kwa kawaida hakuna haja ya kipimo kingine, na usipokusumbua hauhitaji tiba. Ukiuma sana, daktari anaweza kuuchoma kwa sindano nyembamba na kunyonya maji, na nafuu huja palepale. Maji hayo mara nyingi huwa ya manjano, ya kijani au ya kijivu. Yakiwa na damu hupelekwa maabara.

Swali la pili: laini au ngumu?

Tatizo ni kwamba si kila uvimbe wa maji hufuata kanuni. Mwingine huwa na maji mazito, yenye chembechembe, kwa hiyo kwenye altrasaundi ya kawaida hauonekani mweusi bali wa kijivu, na hufanana na nyama. Hapo ndipo kipimo cha ugumu kinaposaidia.

Mikono ya sokoni inalijua wazo hili. Anayechagua embe halikati, hulibonyeza. Lililoiva hubonyea, bichi hukataa. Mwaka 1991 Jonathan Ophir na wenzake huko Houston, Marekani, walieleza namna ya kuitumia altrasaundi kwa kazi hiyo: kubonyeza mwili kidogo sana, kisha kulinganisha picha ya kabla na ya baada ili kuona ni sehemu gani imebonyea na ni ipi imekataa. Kwa jumla saratani ya titi huwa ngumu kuliko nyama inayoizunguka. Hiyo ndiyo elastografia, na hufanyika kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kubonyeza. Mtaalamu hubonyeza taratibu kwa kifaa, au hutegemea mwendo wa pumzi na mapigo ya moyo wako. Mashine hupaka rangi juu ya picha: rangi moja kwa sehemu laini, nyingine kwa sehemu ngumu. Uvimbe wa maji huwa na alama zake za pekee. Kwenye mashine fulani huonekana matabaka matatu ya rangi yaliyopangana, na kwenye nyingine huonekana duara jeusi lenye doa jeupe katikati.

Njia ya pili hutumia mtikisiko. Shika kamba ya mtumbwi iliyofungwa kwenye mti, uitikise. Ikiwa imekazwa, wimbi hukimbia haraka hadi mwisho. Ikiwa imelegea, huenda polepole. Mashine hutuma msukumo mdogo wa sauti ndani ya titi na kupima wimbi hilo linakwenda kasi gani: kasi kubwa ni ugumu, kasi ndogo ni ulaini. Jibu hutolewa kwa mita kwa sekunde au kwa kilopaskali, na kipimo hicho cha ugumu kimepewa jina la Thomas Young, daktari Mwingereza aliyefariki mwaka 1829. Maji mepesi hayana kamba ya kutikisa, kwa hiyo wimbi la namna hii haliwezi kupita ndani yake. Ndiyo maana uvimbe wa maji mepesi huachwa bila rangi yoyote kwenye picha. Doa hilo tupu lisikutishe, maana nalo ni jibu.

Siku ya kipimo

Utavua nguo za juu na kulala chali, mkono mmoja ukiwa juu ya kichwa. Una haki ya faragha, na unaweza kuomba muuguzi mwanamke au ndugu awepo. Mtaalamu atapaka jeli ya baridi na kupitisha kifaa juu ya titi na kwapani. Kwa kipimo cha ugumu atakuomba utulie, na pengine ushike pumzi kidogo. Hakuna sindano na hakuna mionzi. Uvimbe ukiwa unauma sana, sema, kwa sababu kipimo hiki hakihitaji kubonyezwa kwa nguvu. Kubonyeza kupita kiasi hufanya hata nyama laini ionekane ngumu.

Usijaribu kuzisoma rangi mwenyewe. Kwenye mashine nyingine nyekundu ni ngumu, kwenye nyingine nyekundu ni laini. Subiri maelezo.

Mahali kipimo kinapofika mwisho

Elastografia haifanyi kazi peke yake. Husomwa pamoja na altrasaundi ya kawaida, historia yako na mkono wa daktari. Zipo saratani chache zilizo laini, na upo uvimbe usio saratani uliokuwa mgumu kwa sababu ya kukaa miaka mingi. Kwa hiyo:

- Uvimbe wa maji wa kawaida: hauna haja ya tiba usipokusumbua. Ukiuma, maji hunyonywa kwa sindano.
- Uvimbe wa maji mazito ulio laini: daktari anaweza kupanga kukutazama tena baada ya miezi kadhaa, au kunyonya maji.
- Uvimbe wenye maji pamoja na nyama ndani, au wenye ukuta mnene: huchukuliwa kinyama kidogo kwa sindano na kupelekwa maabara, hata kama rangi zinaonyesha ulaini.
- Uvimbe wa nyama unaotia shaka: huchukuliwa kinyama vilevile. Maabara ndiyo yenye neno la mwisho.

Ukinyonyeshwa maji na uvimbe ukarudi, au usipoisha wote baada ya kunyonywa, rudi hospitali. Na kama unanyonyesha mtoto, titi ni jekundu, lina joto na una homa, huenda ni jipu. Nenda siku hiyohiyo.

Miaka ya mwisho ya Donald

Donald aliishi na ugonjwa wa moyo na kufanyiwa upasuaji mkubwa wa moyo zaidi ya mara moja, lakini aliendelea kufundisha na kupima. Alikuwa Mkristo mwenye msimamo mkali na mwepesi wa kubishana, na hakupendwa na kila mtu. Alistaafu mwaka 1976, akafariki tarehe 19 Juni 1987 akiwa na miaka 76. Kufikia wakati huo mashine aliyochekwa nayo ilikuwa imeingia katika hospitali za dunia nzima. Yule mwanamke wa Glasgow aliokolewa na daktari aliyekataa kuamini kwamba jibu limeshajulikana kabla ya kupima. Kwa mwenye uvimbe wa titi leo, hilo bado ndilo jambo la kwanza kudai.

Ukiwa Mbinga au mwambao wa Nyasa

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, useme wazi kwamba umepata uvimbe kwenye titi. Usiseme tu kwamba kifua kinauma. Omba uchunguzwe kwa mkono na upewe barua ya rufaa kwenda kupigwa altrasaundi. Wilaya ya Mbinga ina hospitali ya wilaya na Hospitali ya Litembo. Mwambaoni kuna Hospitali ya Mtakatifu Anna, Liuli. Kuelekea Songea ipo Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, Peramiho, na Songea yenyewe ina Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Ikithibitika saratani, rufaa huweza kufika Mbeya, Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Elastografia huhitaji mashine yenye programu hiyo na mtaalamu aliyefunzwa, hivyo hupatikana zaidi katika hospitali kubwa. Kuikosa si sababu ya kubaki nyumbani. Altrasaundi ya kawaida hujibu swali la maji au nyama, na sindano inaweza kumaliza maumivu hapohapo. Kipimo cha ugumu ni kwa ajili ya uvimbe uliobaki na shaka.

Usiuchanje uvimbe, usiukande kwa nguvu, wala usijaribu kuutoboa nyumbani. Wakati unasubiri kipimo, sidiria inayoshika vizuri, kitambaa cha maji ya uvuguvugu au ya baridi, na parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa hupunguza maumivu.

Nenda mapema zaidi, bila kusubiri mavuno wala hedhi ijayo, ukiona:

- uvimbe mgumu usiosogea, hata kama hauumi kabisa;
- ngozi ya titi iliyoingia ndani au yenye vitobo kama ganda la chungwa;
- chuchu iliyoingia ndani hivi karibuni, au inayotoa damu;
- kidonda cha titi kisichopona;
- uvimbe kwapani.

Kwa wanawake wa Tanzania, saratani ya titi ni ya pili kwa kutokea baada ya saratani ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshaenea. Ikigundulika mapema hutibika kwa urahisi zaidi, na si kila mgonjwa hukatwa titi lote.

Maswali ya kumwuliza daktari

1. Uvimbe wangu ni maji, ni nyama, au ni vyote viwili?
2. Kama ni maji, ni mepesi au mazito? Yanahitaji kunyonywa?
3. Je, kipimo cha ugumu kingebadilisha uamuzi wako? Kama ndiyo, nikipate wapi?
4. Nirudi lini, na dalili gani inanitaka nirudi kabla ya tarehe hiyo?

Omba jibu la altrasaundi kwa maandishi na ulitunze pamoja na picha zake. Ukienda hospitali nyingine mwakani, daktari atalinganisha na kuona kama uvimbe umekua, umepungua au umebaki vilevile.

Makala haya ni ya kuelimisha na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari anayekupima.